Logo ni ya Nissan ama Toyota, Lakini Giaboksi ya CVT Ilitoka kwa Nani?

Leo tunaweka udaku wa maceleb kando kidogo tubonge kuhusu kitu inaweza kukula ganji mob kuliko ex wako. Giaboksi.

Kama umekuwa ukisaka ndai ya kwanza, unajua vile stori huenda. Unauliza kwa group ya WhatsApp, "Wasee, Nissan Note ni poa?" Dakika mbili hazijaisha, kuna mmoja ashasema, "Buda usiguse Nissan, giaboksi ni mayai." Mwingine anakushow uchukue Fielder juu Toyota haikufi. Wa tatu ana Subaru na hawezi kunyamaza. Group nzima inapiga kelele mpaka usiku, na hakuna hata msee mmoja ameuliza swali la maana: hiyo giaboksi iliundwa na nani?

Juu ukweli ni huu. Kampuni yenye logo iko kwa boneti, mara nyingi sio hiyo iliunda ile mashine inazungusha magurudumu. CVT za ndai nyingi za familia tunazoona kwa barabara zetu zinatoka kwa nyumba chache sana, na kuna kampuni zinapimana nguvu kwa matangazo lakini zinanunua giaboksi kwa duka moja. Ukishajua hiyo ramani, broka atakuwa na kazi ngumu sana kukuzungusha.

CVT ni mnyama gani?

Giaboksi ya automatiki ya kawaida iko na gia zimehesabiwa, nne, sita, ama zaidi. Ukikanyaga mafuta, unaskia ikiruka kutoka moja hadi nyingine. CVT haina hizo ngazi. Ndani kuna puli mbili, na kila puli ni sahani mbili zimekaa kama koni zinazoangaliana. Katikati kunapita mkanda wa chuma. Sahani zikibanana, mkanda unapanda juu. Zikiachana, mkanda unashuka. Puli moja ikipanuka nyingine inapungua, na hivyo ndivyo gari inapata gia yoyote inayotaka bila kuruka.

Kama umewahi kuendesha skuta, ushatumia CVT bila kujua. Tofauti ni kwamba ya skuta inatumia mkanda wa raba.

Faida yake ni mafuta. Injini inakaa pale inafanya kazi vizuri zaidi, na wewe unaongeza petroli mara chache. Ndio maana Japani waliipenda kwa ndai ndogo za familia. Na sababu sisi tunanunua zile wametoka kuzitumia, na sheria ya KEBS haitaki gari ya zaidi ya miaka 8, kila mwaka unaopita CVT zinazidi kujaa hapa kwetu. Hata Probox, ile chuma ya kubeba miraa, ilipobadilishwa sura mwaka wa 2014 ilikuja na CVT. Zile za zamani zilikuwa na automatiki ya gia nne. So ukiskia mzae akisema "Probox ni Probox", mwambie apunguze spidi.

Jatco: duka la jirani wengi

Hii ndio kampuni ya kwanza unafaa kujua. Jatco iko Fuji, mkoa wa Shizuoka, Japani. Jina lilianza mwaka wa 1970, wakati Nissan, Ford na kampuni ambayo leo tunaiita Mazda waliungana kuunda giaboksi za automatiki. Leo Nissan ana asilimia 75, Mitsubishi 15 na Suzuki 10. Mbali na Japani wana viwanda Meksiko, Uchina na Thailand.

Angalia hao wenye hisa vizuri, halafu fikiria kile kimepaki nje ya ploti yenu. Nissan Note ya E12, ile ilitoka 2012, inatumia giaboksi ya Jatco inayoitwa JF015E. March ya K13 pia. Juke ya 1.5 pia. Sasa shika hii: Suzuki Swift ya kuanzia 2010 yenye CVT, ni JF015E hiyo hiyo. Msee anakushow usinunue Note juu ya giaboksi, halafu anakupeleka kwa Swift. Amekutoa jikoni akakurudisha jikoni kupitia mlango wa nyuma.

Panda juu kidogo kwa ndai kubwa. X-Trail ya T31 na Dualis zinatumia ndugu yake mkubwa, JF011E. Mitsubishi Outlander na RVR za enzi hiyo pia. Mpaka Jeep Compass na Patriot za Marekani ziliwahi kubeba hiyo hiyo. Logo tatu, mikutano mitatu ya wanahabari, giaboksi moja.

Na usidhani ni giaboksi peke yake inahamahama. Mazda Familia ile ya kubeba mizigo, kuanzia 1994 ilikuwa Nissan AD iliyobandikwa nembo ya Mazda. Mwaka wa 2018 Mazda akahama, Familia ikawa Toyota Probox. Jina ni lile lile kwa logibuku, lakini chini ya boneti ni nyumba mbili tofauti kabisa. Makanika asipojua hiyo, atakuagizia spea ambayo haiingii.

Toyota na binamu zake

Watu wa Toyota, msianze kucheka. Toyota naye haundi kila kitu kwa mkono wake. Jina unafaa kuweka kichwani ni Aisin, kampuni ya familia ya Toyota yenye makao Kariya, mkoa wa Aichi. Upande wake wa giaboksi ulianza mwaka wa 1969 kama ubia na Wamarekani wa BorgWarner, na kwa miaka mingi uliitwa Aisin AW. Aprili 2021 ukaunganishwa na mzazi wake, na sasa zote ni Aisin Corporation.

CVT nyingi za Toyota unazopanda ukiita teksi kwa simu, Vitz, Axio, Fielder, zinatoka upande huo. Aisin pia anauzia kampuni za nje giaboksi za aina nyingi, hata Volvo wa Sweden ni mteja wake wa muda mrefu.

Halafu kuna Passo. Hiyo ndai iliundwa na Daihatsu, kampuni ambayo Toyota alinunua yote mwaka wa 2016. Kwa hivyo ukisema una Toyota Passo, ni kama kusema una nyanya za supamaketi. Kuna mkulima mahali, na jina lake halijaandikwa kwa karatasi.

Kitu Toyota alifanya ya maana ni mwaka wa 2018. Alitoa CVT yenye gia moja ya kawaida ya kuondokea. Gari ikianza kusonga, inatumia meno ya chuma. Ikishachukua mwendo, inahamia kwa mkanda. Fikiria kupanda mlima na mzigo: kuondoka ndio kunaumiza mkanda zaidi, so wakautoa hapo. Corolla na RAV4 mpya za injini ya lita 2.0 ndizo zilianza kuipata, na hizo ndizo zinaingia sasa kwa ile dirisha ya miaka 8.

Honda na Subaru: wanaojipikia

Honda hapendi kununua chakula cha nje. Alitoa CVT yake kwa Civic mwaka wa 1995, na Fit ya kwanza ya 2001 ikaja nayo. Ile Fit ya kwanza haikuwa na toki konvata, ilitumia klachi ya kuondokea, ndio maana nyingi zikizeeka unaskia zikitetemeka kwa taa za barabarani kama mtu ameshikwa na baridi ya Limuru. Fit iliyofuata wakaweka toki konvata, mambo yakatulia.

Subaru naye anajipikia, lakini na viungo vya jirani. CVT yake inaitwa Lineartronic, ilianza na Legacy mwaka wa 2009, halafu Impreza, halafu Forester. Badala ya mkanda wa kusukuma, Subaru alichagua cheni ya chuma. Na hiyo cheni inatoka wapi? LuK, kampuni ya Ujerumani iliyo chini ya Schaeffler. Kwa hivyo hata ile ndai inakunguruma usiku mkilala, moyo wa giaboksi yake una pasipoti ya Ujerumani.

Mkanda wenyewe ulizaliwa Uholanzi

Hapa ndio stori inakuwa tamu. Unaweza kudhani CVT ni akili ya Japani. La. Aliyeweka hii kitu kwa ndai ya watu wa kawaida ni Hub van Doorne wa kampuni ya DAF, mji wa Eindhoven, Uholanzi. Ndiyo, DAF hiyo hiyo ya malori. Mwaka wa 1958 alionyesha gari ndogo inayoitwa DAF 600 ikiwa na mikanda ya raba. Ilikuwa inaweza kwenda nyuma kwa spidi sawa na ya mbele, na baadaye Waholanzi wakawa wanafanya mashindano ya kukimbiza hizo ndai kinyumenyume. Siwadanganyi.

Raba ilikuwa na mipaka yake, so wakatengeneza mkanda wa chuma kule Tilburg. Huo mkanda ni vipande vidogo vya chuma, karibu 400, vimepangwa kwa pete nyembamba za chuma zilizolaliana. Haufanyi kazi kwa kuvuta kama cheni ya baiskeli. Vipande vinasukumana. Subaru Justy ya 1987 ndiyo ilikuwa kati ya za kwanza kuubeba kwa ndai ya kuuza kwa umma. Mwaka wa 1995 Bosch wa Ujerumani akanunua hiyo kampuni ya Tilburg, na mpaka leo Bosch ni mmoja wa wauzaji wakubwa zaidi wa huo mkanda duniani. Ana kiwanda kingine Vietnam.

Sasa unaona vile mambo yako. Kuunda vipande 400 vya chuma vinavyofanana mpaka tofauti isionekane kwa macho ni kazi ngumu na ya pesa mingi. Hakuna kampuni ya magari inataka kujenga kiwanda kama hicho kwa sababu ya ndai moja. Ni rahisi kununua kwa yule ashajenga. Hiyo ndiyo sababu ya duka kuwa chache, na ndiyo sababu shida ikitokea kwa duka moja, inaonekana kwa logo nyingi kwa wakati mmoja.

So ile sifa mbaya ya Nissan ni uongo?

Hapana. Tuwe wakweli. Kule Marekani, Nissan aliongeza waranti ya CVT za magari ya 2003 hadi 2010 ikafika miaka 10 ama maili 120,000. Kampuni haifanyi hivyo juu ya roho safi. Kesi zilifuata, na wateja wakalalamika miaka na miaka. Pathfinder ya 2022 ikatoka na automatiki ya gia 9 kutoka kwa ZF ya Ujerumani, CVT ikaachwa kando. Subaru pia aliongeza waranti ya CVT zake kule Marekani, lakini hiyo hutaiskia kwa group juu mashabiki wa Subaru wako na mdomo.

Kitu kinafaa kukushtua ni hiki: hizo waranti zilikuwa za wateja wa Marekani. Ndai yako ya mtumba kutoka Japani, ikishashuka bandari ya Mombasa, haina karatasi kama hiyo. Ikikufa Thika Road, ni wewe na mfuko wako. Kama uliichukua kwa mkopo ufanye kazi ya teksi za mtandaoni, benki haitaki kuskia stori ya Jatco. Inataka tarehe tano ikifika, pesa imeingia.

Na hapa kwetu tunaua hizi giaboksi sisi wenyewe. Njia ya kwanza ni mafuta ya gia. Ndani ya CVT, chuma kinashika chuma. Mafuta yanafaa kufanya kazi mbili zinazopingana: kulainisha ili chuma kisilike, na wakati huo huo kuruhusu mkanda ushike puli bila kuteleza. Ndio maana kila nyumba ina mafuta yake. Nissan ana NS-2 na NS-3. Toyota ana TC kwa za zamani na FE kwa zilizofuata. Honda ana HCF-2, na HMMF kwa zile za kitambo. Halafu unaenda kwa makanika wa mtaa, anachukua ATF ya automatiki ya kawaida, anakushow "zote ni mafuta ya gia, bosi". Mkanda unaanza kuteleza. Puli inapata mikwaruzo. Unga wa chuma unazunguka na mafuta unaziba njia ndogo ndogo. Baada ya muda unaambiwa giaboksi imekufa, na lawama inaenda Japani.

Njia ya pili ni joto. Jam ya Mombasa Road saa kumi na mbili jioni, ondoka, simama, ondoka, simama, hiyo ni mateso kwa mkanda. Ukiongeza abiria wanne na mizigo, unaelewa kwa nini ndai mbili za aina moja, moja ya mwalimu anayeenda shule ya karibu na nyingine ya dere wa teksi, haziwezi kuzeeka sawa.

Kabla utume deposit

Sikumaliza college, lakini kusoma kibati nimejifunza, na hata wewe unaweza. Fungua boneti ama mlango, utaona kibati cha chuma chenye namba za gari. Tafuta pale imeandikwa TRANS. Kwa Nissan, JF015E huandikwa RE0F11A, na JF011E huandikwa RE0F10A. Kwa Toyota, namba ya CVT ya mkanda huanza na herufi K. Piga picha. Hiyo namba ndiyo unapeleka Grogan ukitafuta spea, ndiyo unaingiza kwa Google, ndiyo unauliza makanika. Usiulize "giaboksi ya Note". Uliza kwa namba.

Pili, uliza mafuta ya gia yalibadilishwa lini na ni aina gani. Muuzaji akisema "hiyo haibadilishwangi", ongeza umakini. Hata kama ni ukweli haijawahi kubadilishwa, hiyo si sifa.

Tatu, endesha. Ipashe moto kwanza, usikubali kuzunguka yadi mara moja ukaridhika. Ondoka polepole kwa mlima. Ikitetemeka, ama injini ikipiga kelele na gari haisongi, ama inachelewa ukiweka D, hiyo ni lugha. Isikize. Kelele moja ya kuvuma bila kubadilika ni kawaida ya CVT, lakini mtetemo sio kawaida.

Nne, ukiambiwa giaboksi ni ya "ex-Japan" iliyowekwa juzi, tafuta namba yake na uilinganishe na ya kibati. Zisipofanana, kuna maswali yanahitaji majibu kabla ya M-Pesa.

Kesho inakuja bila mkanda

Kuna kitu kingine cha kuwa na rada nacho. Note mpya iliyotoka Japani mwisho wa 2020 inauzwa kwa e-POWER peke yake. Injini ya petroli inazalisha stima tu, na mota ya stima ndiyo inazungusha magurudumu. Hakuna CVT hapo. Toyota Aqua na Fielder za haibridi zina kitu kinaitwa e-CVT, lakini jina lisikudanganye, hakuna mkanda wala puli. Ni gia za sayari na mota mbili za stima. Kwa hivyo yule anakushow "usichukue haibridi, CVT zinasumbua" amechanganya vitu viwili tofauti. Haibridi ina maswali yake, kubwa likiwa betri, lakini mkanda haumo.

Hata Jatco wanaona hiyo siku ikikuja. Wameanza kuunda mitambo ya kuendesha gari za stima. Nissan mwenyewe, mwenye hisa mkubwa, alitangaza Mei 2025 anapunguza kazi 20,000 na kutoka viwanda 17 hadi 10, baada ya mazungumzo ya kuungana na Honda kuvunjika Februari mwaka huo huo. Mwenye duka akiyumba, kila mteja wa hilo duka anaangalia.

Lakini CVT za mkanda zitakuwa kwa barabara zetu miaka mingi bado, juu sisi ndio tunamalizia kile Japani wameacha. Kwa hivyo msee, wakati mwingine mtu akianza kubishana Toyota na Nissan kwa group, usipoteze bando. Mwambie atume picha ya kibati. Kama hana, hiyo ndai hajaijua bado, na pesa unayotaka kuweka hapo ni yako, sio yake.